Mwenzio Akikataa Talaka, Unasubiri Nini Hasa?

Kuna maneno mawili yanayozunguka Arusha nzima, kuanzia saluni za Kaloleni hadi vijiwe vya bodaboda vya Kwa Mrombo. La kwanza: "Asiposaini, huachiki." La pili: "Mkikaa mbalimbali miaka mitatu, ndoa imekufa yenyewe." Watu wanapanga maisha yao kwa maneno hayo, na yote mawili ni ya uongo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, yaani Sura ya 29, haimtaki mume wala mke asaini chochote ndipo talaka itoke. Talaka inatolewa na mahakama, na swali la mahakama si kama mmekubaliana. Swali ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ndiyo maana mume anayesimama mbele ya hakimu na kusema "mimi sijamfukuza, mke wangu nampenda, arudi nyumbani" hajaizuia talaka. Ametoa ushahidi wake tu, na utapimwa pamoja na wa mwenzake. Kwa upande wa pili, hakuna ndoa inayojifia. Mkae miaka 15, yeye Moshi wewe Mwanza, kisheria bado ni mume na mke. Siku mmoja akifariki, mwingine anatokea msibani na cheti cha ndoa mkononi, na mirathi inaanzia hapo kwa ugomvi.

Muda wa kusubiri upo, lakini si mmoja. Kuna miaka 2, kuna miezi 6, kuna miaka 3, na mwishoni kuna siku za rufaa. Kila mmoja una pa kuanzia na kazi yake. Anayekataa talaka mara nyingi hashindi kwa hoja. Anashinda kwa sababu anayeitaka amechanganya hesabu hizi, shauri likatupwa, akaanza upya.

Simu nazo zinachangia. Mtu anaandika swali lake kwa Kiingereza, anaangukia kurasa za Uingereza, anasoma kwamba ni miaka 2 ya kutengana mwenzako akikubali na miaka 5 akikataa. Hiyo ilikuwa sheria ya England na Wales, na hata kwao iliondoka tarehe 6 Aprili 2022. Siku hizi wanahesabu wiki 20, halafu wiki 6. Ukivuka Namanga, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 iliweka miaka 3 kwa ndoa za kiserikali, na Mahakama Kuu ya huko ikaja kukitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomhusu hakimu wa Arusha. Hata Zanzibar ina utaratibu wake. Sura ya 29 ni ya Tanzania Bara.

Miaka 2 ya mwanzo

Kifungu cha 100 kinasema huwezi kufungua shauri la talaka kabla ndoa haijatimiza miaka 2, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Hesabu inaanza tarehe ya ndoa iliyoandikwa kwenye cheti. Haianzi siku ya posa, wala siku mliyoanza kuishi pamoja, wala siku mtoto wa kwanza alipozaliwa. Ruhusa inaombwa, na inatolewa kwa anayeonyesha kwamba anateseka kupita kiasi cha kawaida. "Hatuelewani" haitoshi. "Mama mkwe ananisema" haitoshi. Kipigo chenye PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na karatasi za hospitali ya Mount Meru au Mawenzi, hayo hakimu anayasikiliza. Ruhusa hiyo unaweza kuiomba kabla ya kwenda Baraza, yaani Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, au baada ya kutoka huko.

Zuio hilo la miaka 2 ni la talaka peke yake. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana hata ndoa ikiwa na miezi minane. Amri hiyo haivunji ndoa, kwa hiyo huwezi kuolewa wala kuoa kwingine, lakini inakuondolea wajibu wa kuishi naye, na inaanzisha kalenda ya miaka 3 ambayo tutaifikia. Kwa mtu aliye kwenye ndoa changa yenye fujo, na ambaye ushahidi wake wa mateso si mzito, binafsi naona njia hii ni salama kuliko kubishana juu ya ruhusa.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua ndoa iliyofungwa tarehe 14 Februari 2025. Bila ruhusa, shauri haliwezi kufunguliwa kabla ya katikati ya Februari 2027. Mke anakwenda Baraza Machi 2026, usuluhishi unashindikana, anapewa hati tarehe 20 Machi. Anaitunza vizuri kwenye bahasha pamoja na vyeti vya watoto, anasubiri miaka 2 itimie. Februari 2027 anafika mahakamani na hati iliyokufa tangu Septemba. Sheria, kifungu cha 106, inataka hati ya Baraza iwe imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Kwa ndoa ya mfano huu, hati yenye tarehe ya kabla ya katikati ya Agosti 2026 haina kazi. Anarudi kata, anaanza kuita mtu ambaye mara ya kwanza alikuja kwa shida, na sasa amekwisha kujifunza kutokuja.

Barazani

Hatua hii ndiyo inayoamua mambo, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mahakama ya Rufani imeshaweka wazi kwamba talaka iliyotolewa bila hati halali ya Baraza ilitolewa kabla ya wakati wake. Ikishaanguka talaka, vinaanguka na vilivyojengwa juu yake: mgawanyo wa nyumba, wa shamba, wa gari. Mtu anashinda Mahakama ya Mwanzo, anashinda Wilaya, halafu miaka inapita na Mahakama Kuu inafuta yote kwa sababu ya karatasi moja ya kata.

Baraza lipi? La kata anakoishi mume. Hili linawashangaza wengi. Mke aliyeondoka Sombetini akarudi kwao Rombo hana sababu ya kwenda kwenye kata ya Rombo kwa kuwa ni karibu na kwa mama. Baraza lake ni la Sombetini. Mume akiwa anaishi nje ya nchi, au hajulikani aliko, hapo ndipo inatumika kata anakoishi mke. Mkiwa wa jumuiya ambayo Waziri ameianzishia Baraza lake, mnaweza kwenda huko. Waislamu wengi wanapitia Baraza la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania.

Nini si Baraza? Kikao cha ukoo si Baraza, hata kama wamekaa wazee saba wa pande zote mbili na muhtasari ukaandikwa na mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kuvutia. Barua ya padre au mchungaji si hati ya Baraza, mpaka hapo penyewe pawe na Baraza lililotambuliwa kisheria. Ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia la polisi wanasaidia sana, na taarifa zao ni ushahidi mzuri baadaye, ila hawatoi hati hii. Mwenyekiti wa mtaa naye hatoi.

Hati yenyewe ni Fomu Namba 3. Ukipewa, usiikunje na kuondoka. Simama pale pale ofisini uisome. Majina yawe yale yale ya kwenye cheti cha ndoa. Pawe na tarehe. Hati isiyo na tarehe haiwezi kuhesabiwa miezi 6. Iseme waziwazi kwamba Baraza *limeshindwa kuwasuluhisha*, maana kuna hati nyingine zinaandikwa "tumewaruhusu waende mahakamani kwa hatua zaidi", na wakili wa upande wa pili atauliza: kwani kushindwa kumeandikwa wapi? Nyingine zinaandikwa "Baraza limevunja ndoa hii." Baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa. Angalia na waliosaini. Sheria inataka Baraza liwe na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5, kwa hiyo karatasi yenye saini ya mtendaji wa kata peke yake na muhuri wa bluu ni mwanya wa kupingwa. Baraza linaweza pia kuambatanisha mapendekezo yake kuhusu matunzo, watoto na mali. Si amri, ila hakimu atayasoma.

Mawakili hawaingii Barazani kumsemea mtu. Anayeweza kukuwakilisha ni mtu wa familia yako, na mwingine yeyote ni kwa ruhusa ya Baraza. Kwa hiyo jiandae kusema mwenyewe, na useme ya ndoa. Watu wanafika pale na kuanza na deni la VICOBA, saa nzima inakwisha wakibishana nani alichukua laki nne, na mgogoro wa ndoa wenyewe hauingii kwenye kumbukumbu.

Na asipokuja? Hili ndilo swali la wengi, kwa sababu anayekataa talaka njia yake ya kwanza ni kutotokea. Anaitwa Jumatano, anasema yuko safari. Anaitwa tena, simu imezimwa. Anayefanya hivi anadhani ameukata mguu wa mwenzake. Kumbe kifungu hicho hicho cha 101 kinasema mtu aliyeitwa na Baraza akakaidi makusudi kuja, hitaji la kupita Barazani linaondoka. Kinachotakiwa ni ushahidi wa wito. Hakikisha kila wito umeandikwa, una tarehe, na aliyeupokea amesaini; akigoma kusaini, aliyeupeleka aandike "amekataa kupokea", siku, saa na mahali, na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Wito wa kupigiwa simu na mjumbe ni dhaifu, anaukana kwa neno moja. Sheria haikutaja idadi ya kuita, ila mabaraza mengi huita mara mbili au tatu, na ni vizuri kuvumilia. Kisha Baraza liandike kwamba mlalamikiwa aliitwa tarehe fulani na fulani na hakufika. Karatasi hiyo inakuvusha.

Sababu nyingine zinazokuondolea Baraza: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6 baada ya kufungua shauri, amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka 5, unadai ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama imeridhika kuna mazingira ya pekee yasiyowezesha kupita Barazani. Hiyo ya mwisho isiwe kimbilio la uvivu. Baraza lisilokaa kwa wiki mbili kwa sababu ya msiba si mazingira ya pekee.

Ile miaka 3

Miaka 3 si muda wa kusubiri kwa kila mtu. Ningeweza kuliandika hili kwa rangi ningefanya hivyo. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo yanayoweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili kwako au kwa watoto, kutokujali makusudi wajibu wa ndoa, kutelekezwa kwa angalau miaka 3, kutengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama kwa angalau miaka 3, kifungo kirefu, ugonjwa wa akili uliothibitishwa na madaktari wasiopungua 2 ambao mmoja wao ni wa magonjwa ya akili, na mengineyo. Miaka 3 ni sehemu ya sababu mbili tu. Mwenye ushahidi wa kupigwa hasubiri miaka 3. Mwenye ushahidi wa uzinzi hasubiri. Anayesubiri ni yule ambaye hoja yake pekee ni umbali: aliondoka, au tuliachana kimyakimya.

Kwa huyo, miaka 3 inabidi ihesabike vizuri. Kutelekeza ni kuondoka kwa makusudi ya kuikimbia ndoa. Mume anayechimba Mererani, au mke aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, hajatelekeza kwa kuwa tu hayupo. Akiwa anatuma fedha kila mwezi, taarifa za miamala kwenye simu yake ndizo zitakazokupinga mahakamani. Na wewe ukimfukuza, ukabadilisha kitasa, huwezi kuja kusema amekutelekeza.

Halafu kuna Desemba. Huku kwetu mtu anaweza kuishi Dar es Salaam miezi kumi na moja na mwenzake Kibosho, lakini Krismasi lazima apande. Anafika na mizigo, analala nyumba ile ile, wanakwenda kanisani wakiwa wamewavalisha watoto sare, wanachinja, wanapiga picha. Tarehe 3 Januari anashuka. Wakija kuhesabu miaka 3 ya kutengana, upande wa pili unatoa picha za Krismasi tatu. Kuja kuona watoto na kusalimia wazazi si lazima kuwe kurudiana, na hakimu anaweza kulielewa hilo. Lakini kama mlilala chumba kimoja mkaishi kama mume na mke, hesabu ina doa. Anayetaka kutengana kwake kuhesabike, ni bora alale kwa mama mkwe au kwa shemeji. Bora zaidi, muweke makubaliano ya kutengana kwa maandishi yenye tarehe, mbele ya mashahidi. Sheria inayatambua, na yanamaliza ubishi wa lini mlianza kukaa mbali.

Pale kukataa kunapokuwa na nguvu

Nimesema kukataa hakuzuii. Kuna mahali kunazuia kweli, na ni haki kusema. Mahakama, bila sababu maalumu, inatakiwa kukataa ombi lililojengwa juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe peke yake. Mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine Njiro, akaja kudai talaka kwa hoja kwamba "ndoa imekufa, mimi nina familia nyingine", amejishitaki. Mke asiyetaka talaka hapo ana pa kusimama. Kadhalika kwa mke. Ndiyo maana kuanza maisha mapya na mtu mwingine wakati shauri halijaisha ni kumpa mwenzio silaha: ulikuja kama mlalamikaji, unatoka kama mzinzi.

Na ugeuze upande wa pili. Hata mkikubaliana wote wawili, mkaja mmeshikana mikono, hakimu hawezi kugonga muhuri tu. Kifungu cha 108 kinampa wajibu wa kuchunguza kama yaliyodaiwa yanathibitisha ndoa kuvunjika, na mpango wa watoto na matunzo ukoje. Kwa hiyo ridhaa ya mwenzako inapunguza mashahidi na tarehe za kuahirisha, haifupishi sheria. Asipotokea mahakamani baada ya kupata samansi, shauri litasikilizwa upande mmoja, na bado utatakiwa kuthibitisha. Kama hajulikani aliko, unaomba wito utangazwe gazetini. Usidanganye anwani yake ili asipate wito. Akigundua atakuja kuomba hukumu ifutwe, na ana haki.

Shauri lenyewe linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu; zote zina mamlaka, bila kujali ndoa ilifungwa kanisani, msikitini, bomani au kimila. Arusha ngazi hizo zimekusanywa kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kwa hiyo hata ukikosea mlango hutembei mbali. Mahakama ya Mwanzo ni rahisi na lugha ni Kiswahili. Wasio na uwezo wa wakili waulize TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kwa Arusha, au shirika la KWIECO kwa Moshi.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu

Hapa kosa ni la mpangilio. Mume ametamka talaka, au ameiandika kwenye karatasi ya daftari, au siku hizi ametuma kwa WhatsApp, halafu ndiyo wanakwenda Barazani. Kifungu cha 107(3) kimepanga kinyume chake: ndoa iwe ya Kiislamu, Baraza lithibitishe limeshindwa kusuluhisha, na *baada ya hati hiyo* mmoja wao afanye tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, iwe ni talaka ya mume au khului ya mke anayejikomboa kwa mahari. Yakifuatana hivyo, mahakama haina ubishi: inaona ndoa imevunjika na inatoa amri ya talaka. Talaka iliyotangulia hati haiingii kwenye njia hiyo ya mkato. Kidini huenda mwanamke keshaachika, lakini kwa serikali bado ni mke wa mtu. Mume anayeng'ang'ania kutotamka talaka naye hajafunga mlango. Mke anaweza kwenda kwa sababu za kawaida, ukatili, kutelekezwa, kutotunzwa, kama mwanandoa mwingine yeyote.

Wakati unasubiri

Anayekataa talaka mara nyingi anachohofia ni nyumba. Wakati kalenda inakwenda, anaweza kuanza kuiuza. Kifungu cha 59 kinakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Kama kiwanja kina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati mapema. Kama hakijapimwa, andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, ili mnunuzi asije kusema hakujua.

Kwa Wachaga na Wameru suala linakuwa gumu zaidi kwa sababu ya kihamba. Ardhi ni ya ukoo, nyumba mmejenga ninyi. Kifungu cha 114 kinagusa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, na pia mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa jitihada za pamoja. Kwa hiyo usiende kudai kihamba. Dai nyumba, na uthibitishe ilivyojengwa. Risiti za saruji na mabati, jina la fundi na tarehe, picha ya msingi, makato ya mkopo. Asiye na risiti asikate tamaa: tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, inayojulikana kama kesi ya Bi Hawa, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango. Kuhesabika si sawa na nusu kwa nusu, lakini. Kila mmoja anapata kwa kadiri ya alichothibitisha.

Matunzo hayasubiri talaka. Yanaweza kuombwa shauri likiwa linaendelea, na ya watoto hata bila shauri la talaka. Mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria inachukulia kwamba ni bora akae na mama, ila baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga.

Walioishi pamoja bila ndoa yoyote wasome hii: mkikaa miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Mahakama ikiona hapakuwa na ndoa, hakuna talaka ya kutoa, lakini inaweza kuamua juu ya mali, matunzo na watoto. Kwa hiyo "hatukufunga ndoa, huna chako" ni neno la kutishia.

Baada ya hukumu

Asiyeridhika anakata rufaa. Kwenda Mahakama Kuu kutoka Wilaya au kwa Hakimu Mkazi ni siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya, usicheze na hesabu, peleka ndani ya siku 30. Mwenzio aliyekuwa anakataa tangu mwanzo ana kawaida ya kukata rufaa siku ya mwisho, kwa hiyo kupanga harusi wiki mbili baada ya hukumu si akili. Mwanamke wa Kiislamu ana eda yake pia: tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi baada ya hedhi, au miezi 3 kwa asiyepata hedhi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito.

Kisha chukua nakala ya amri ya talaka iliyothibitishwa na mahakama, uipeleke RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, isajiliwe. Kabla hujatoka masijala, linganisha jina lako kwenye amri na lile la cheti cha ndoa na la kitambulisho cha Taifa cha NIDA, herufi kwa herufi. Anaeli kwenye cheti na Anael kwenye kitambulisho ni watu wawili mbele ya karani, na kurekebisha herufi moja baada ya faili kufungwa ni ombi jingine, na tarehe nyingine.